Mzee Allen na Upinde wa Magurudumu

Ukurasa wa maisha ya watu mashuhuri tumezoea kuwapa mashujaa wa vita na waandishi. Mimi safari hii nimewaletea fundi. Jina lake Holless Wilbur Allen, Mmarekani wa jimbo la Missouri, aliyezaliwa mwaka 1909. Hapa Kericho labda hujamsikia, lakini warusha mishale wa mchezo duniani wanamjua sana.

Upinde wenyewe hauhitaji maelezo kwetu. Ni mti na kamba, basi, na mshale hulala juu ya mkono ulioshika upinde. Kadiri unavyovuta ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na uzito wote unaubeba pale pale unapolenga. Bahati mbaya vijana wengi wa Kericho na Bomet wameujua kwa habari za mapigano ya mpakani, Sotik na Borabu, 1992 na tena 2008. Uwindaji nao ulipigwa marufuku Kenya nzima mwaka 1977. Kwa hiyo ukitaja upinde darasani watu wanafikiria damu. Leo naomba mfikirie fizikia.

Allen alikuwa mwindaji wa kulungu, na kulungu walimsumbua. Mnyama akisikia mlio wa kamba alikuwa akiruka kabla mshale haujafika. Alitaka mshale wa kasi zaidi. Miaka ya 1960, akiwa fundi wa kujaribu-jaribu tu kama hawa wetu wa jua kali, alichukua upinde mzima akaukata ncha kwa msumeno! Mahali pa ncha akafunga vigurudumu ambavyo tundu la ekseli halikuwa katikati bali pembeni. Siri yote iko hapo. Vikizunguka, uzito unapanda, halafu ukikaribia mwisho wa kuvuta unashuka ghafla. Upinde wa siku hizi wa kilo 27 unaweza kuushikilia kwa kilo 5 au 6 hivi, ukalenga bila kutetemeka, na nguvu yote bado imo ndani.

Aliomba hataza mwaka 1966, akapewa Desemba 1969. Fundi mwingine wa pinde, Tom Jennings, ndiye aliyezitengeneza kwa wingi zikauzwa. Si wote waliofurahi. Wengine waliona kuwa hiyo ni mashine, si upinde, na hadi Olimpiki ya Paris ya 2024 ulikuwa haujawahi kuruhusiwa huko. Mimi naona walimwonea mzee.

Allen alifariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari. Aliacha shida moja ambayo wengine waliimaliza. Mshale wa kasi vile, manyoya yake yakigusa hata kidogo pale ulipolala, unaenda kombo. Wakabuni kishikio kinachoanguka, yaani kijiuma kidogo kilichofungwa kwa uzi kwenye waya wa upinde, ule unaoshuka unapovuta. Ukivuta, uzi unakiinua na mshale juu yake. Ukiachilia, kinaanguka kabla manyoya hayajapita.

Kukifunga si kazi ya haraka. Kwanza mshale uwe mraba na kamba. Kisha uzi ufungwe kwa kipimo: ukilegea sana kishikio hakisimami, ukikaza sana kinafika juu mapema na kuchelewa kuanguka. Kujua kama manyoya yanagusa, yapake unga wa chaki, rusha, halafu tazama alama. Mwisho, tundika karatasi kama mita 2 mbele yako, nyuma yake pawe na gunia la kuzuia mshale, urushe kupitia karatasi hiyo. Tundu likiwa moja dogo, na mikato ya manyoya pembeni, umemaliza. Karatasi ikichanika kwenda juu, mkia unapita juu. Pandisha kishikio kidogo, kidogo sana, urushe tena.