Padre Gregor Mendel na Njegere Zake

Siku ya Epifania, tarehe 6 Januari 1884, katika mji wa Brno, alifariki abati wa watawa wa Mtakatifu Augustino. Watu wa mji walimjua kama mzee mnene, mpole kwa maskini, mpenda nyuki, ambaye kwa miaka kumi aligombana na serikali juu ya kodi. Vijana wetu wa sekondari leo hulikuta jina lake katika vitabu vya baiolojia, wakalikariri kwa ajili ya mtihani, bila kujua kwamba Gregor Mendel alikuwa padre, na kwamba yeye mwenyewe mitihani ilimshinda.

Jina alilobatizwa ni Johann. Alizaliwa mwezi wa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, sehemu iliyokuwa chini ya Kaisari wa Austria na ambayo leo imo katika Jamhuri ya Cheki. Baba yake, Anton, alikuwa na shamba dogo na miti ya matunda, lakini ilimpasa kumfanyia kazi bwana wa nchi siku tatu kila juma. Johann alikuwa mtoto wa kiume peke yake, na ingekuwa desturi arithi jembe la baba. Mwalimu wa kijiji akaona kwamba mtoto ana akili, akasihi asomeshwe. Wazazi walikubali, lakini hawakuweza kulipa chakula chote cha shuleni, basi mara nyingi kijana alikula nusu ya sahani.

Mwaka 1838 gogo la mti lilimwangukia Anton kifuani, na hakupata nguvu tena. Hapo masomo ya Johann yangekwisha kama si Theresia, mdogo wake wa kike, aliyetoa sehemu ya mali aliyowekewa ya kuingia nayo katika ndoa ili kaka aendelee kusoma. Kaka hakusahau. Baadaye aliwasomesha wana wa Theresia, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Aliingia katika nyumba ya watawa huko Brno mwaka 1843, akapewa jina la Gregor. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba shida ya maisha ndiyo iliyomfikisha mlangoni pale. Tusiwe wepesi kumlaumu, maana wengi huingia katika nyumba ya Bwana kwa mlango wa njaa, wakakaa humo kwa uaminifu mpaka mwisho. Alipewa upadre mwaka 1847. Lakini kazi ya kuwazuru wagonjwa ilimlemea. Kila alipotoka kwenye kitanda cha mtu anayekufa, aliugua mwenyewe. Abati wake, Cyril Napp, mtu wa busara, hakumlazimisha. Alimpeleka kufundisha.

Alifundisha vizuri, na wanafunzi walimpenda, lakini cheti hakupata. Mwaka 1850 alishindwa mtihani wa ualimu. Akapelekwa Chuo Kikuu cha Vienna kwa miaka miwili, akajifunza fizikia, hesabu na elimu ya mimea. Alipojaribu tena mwaka 1856, hakufaulu vilevile. Basi akabaki mwalimu wa muda mpaka alipochaguliwa kuwa abati.

Mwaka huohuo wa 1856 alianza kazi ya njegere katika bustani ya watawa. Zamani zile watu walidhani kwamba mtoto ni mchanganyiko wa baba na mama, kama maziwa ndani ya chai. Mwaka 1859 Mwingereza Charles Darwin alitoa kitabu chake juu ya viumbe, akieleza kwamba katika kila kizazi wale wanaoifaa zaidi nchi yao ndio hubaki na kuzaa, na hivyo aina za viumbe hubadilika polepole kwa muda mrefu sana. Lakini kama urithi ni maziwa ndani ya chai, sifa mpya nzuri itafifia kila kizazi mpaka isionekane. Darwin hakupata jawabu la swali hilo. Jawabu lilikuwa Brno.

Mendel alijaribu kwanza aina 34 za njegere kwa miaka miwili, ahakikishe kwamba kila moja huzaa namna yake bila kubadilika, kisha akabakiza 22. Alichagua sifa saba za kutazama, kama vile rangi ya punje, urefu wa mmea na umbo la ganda. Ua la njegere hujizalisha lenyewe kabla ya kufunguka. Kwa hiyo ilimbidi afungue tumba bado changa, atoe kwa kibanio sehemu zake za kiume, apake chavua ya mmea mwingine, kisha afunike ua kwa mfuko mdogo ili wadudu wasiharibu kazi. Alifanya hivi kwa miaka minane. Mimea yake yote inakadiriwa kufika 28,000.

Alipooanisha njegere za mviringo na zile zilizokunjamana, watoto wote walikuwa wa mviringo. Mkunjo ulionekana kama umekufa. Lakini alipoziacha hizo zizae zenyewe, alihesabu punje 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, yaani karibu tatu kwa moja. Sifa zile nyingine sita zikatoa hesabu hiyohiyo. Mkunjo haukufa, ulijificha.

Akafahamu kwamba kila mmea una chembe mbili za kila sifa, moja ya baba na moja ya mama, nao humpa mtoto moja tu, kama mtu anayerusha sarafu. Chembe moja ikitawala, nyingine hunyamaza, lakini haiyeyuki. Wawili wenye chembe iliyofichika wakizaa, mara moja katika nne chembe hizo mbili hukutana, na sifa hutokea.

Alisoma habari hizi mbele ya wanachama wa Chama cha Elimu ya Viumbe cha Brno, Februari na Machi 1865, na zikapigwa chapa mwaka 1866. Alipata nakala 40 za kuwapelekea wataalamu. Profesa Nägeli wa Munich alijibu kwa mashaka, akamtia moyo ajaribu magugu fulani yenye maua ya manjano. Ushauri ule ulikuwa hasara tupu, kwa sababu magugu yale huzaa mbegu pasipo chavua ya baba. Mendel aliharibu macho yake juu ya maua yale madogo na hakupata kitu. Alipokuwa abati mwaka 1868, shughuli zilimzidi, na kutoka mwaka 1874 kodi mpya juu ya nyumba za watawa ikala miaka yake iliyobaki. Alikataa kuilipa mpaka anakufa. Nadhani alikuwa na haki kidogo na ukaidi mwingi. Abati aliyemfuata alichoma karatasi zake.

Mwaka 1900 wataalamu watatu, de Vries, Correns na Tschermak, kila mmoja katika kazi yake, walifikia mambo yaleyale, wakakuta kwamba padre aliwatangulia miaka 34. Mwanglikana mwenzetu R. A. Fisher alionyesha kwa hesabu, mwaka 1918, jinsi Mendel na Darwin wanavyokubaliana. Fisher huyohuyo, mwaka 1936, alisema hesabu za njegere ni nzuri kupita kiasi. Mabishano yalikuwa marefu, lakini wengi waliochunguza hawaoni kwamba Mendel alidanganya.

Nimeandika haya kwa sababu ya msiba niliohudhuria. Mama alikuwa amezika mtoto wa pili kwa selimundu, na ndugu wa mume walikuwa wakinong'ona juu ya damu mbaya ya kwao na mengine mabaya zaidi. Selimundu hufuata hesabu ya njegere. Mtoto haugui mpaka apokee chembe kwa baba na kwa mama pia. Hao wawili kwa kawaida ni wazima kabisa. Kila mimba ina nafasi moja katika nne, na hesabu huanza upya kila mara, hata kama wa kwanza aliugua.

Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa nini chembe hiyo imeenea kwetu. Mwenye moja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali, basi katika nchi za mbu walioibeba walipona wakazaa. Jambo ndilo lile la Darwin, ndani ya damu yetu. Kipimo chake ni cha damu tu, na wachumba wanaweza kupimwa kabla ya ndoa kutangazwa kanisani.