Mshonaji wa Ndovu Wadogo

Watoto wengi wa Tanga na Pangani wamepata kucheza na mwanasesere wa vitambaa. Mwanamke tunayemsimulia hapa alijulikana duniani kwa kazi kama hiyo.

Margarete Steiff alizaliwa mwaka 1847 katika mji mdogo wa Giengen, nchi ya Ujerumani. Kabla hajatimiza miaka miwili alishikwa na ugonjwa wa kupooza. Miguu yake ikafa, na mkono wa kuume ukawa dhaifu. Wenzake walimkokota kwa kigari mpaka shuleni.

Akajifunza kushona, ingawa kazi ilimwia ngumu. Alipopata cherehani, aliigeuza nyuma mbele, apate kuzungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1877 akafungua duka la nguo za sufu nzito.

Mwaka 1880 alishona ndovu wadogo, wawe vimto vya kuchomekea sindano. Lakini watoto waliwachukua wakawachezea. Ndipo Margarete alipotambua kazi yake. Kufika mwaka 1886 alikuwa ameuza ndovu zaidi ya 5,000. Akashona na wanyama wengine, laini, wasiomwumiza mtoto. Mwaka 1902 Richard, mwana wa ndugu yake, alibuni dubu mwenye viungo vinavyogeuka. Mwaka 1907 kiwanda chao kilitengeneza dubu wapatao 974,000.

Margarete alifariki mwaka 1909, na miguu yake haikupona kamwe.

Nanyi mkimshonea mdogo wenu kofia au mwanasesere, mtazameni anavyokitumia. Yeye ndiye ajuaye kama kimefaa.