MAREHEMU ABU MAYANJA NA ELIMU YA TAREHE

Mzazi wa Kwapa anapoambiwa na mwanawe kwamba ataka kwenda chuo kikuu kusoma tarehe, yaani historia, jambo la kwanza aulizalo ni hili: ni kazi gani ipatikanayo kwa kujua habari za watu waliokwisha kufa? Swali hilo si la upuuzi, kwa kuwa karo hutoka katika mihogo na ng'ombe, na ng'ombe akishauzwa harudi zizini. Basi na yatazamwe maisha ya Abubaker Kakyama Mayanja, aliyejulikana Uganda nzima kwa jina la Abu Mayanja.

Alizaliwa mwezi wa Agosti mwaka 1929 huko Ngogwe, katika Kyaggwe ya Buganda. Zama zile shule kubwa zilikuwa mikononi mwa misheni, na Waislamu wengi waliogopa kuwapeleka watoto wao huko wasije wakabatizwa. Kwa sababu hiyo wakabaki na uchinjaji, udereva na biashara ndogo, kazi za halali zote, lakini zisizomfikisha mtu katika baraza linalotunga sheria. Chama cha Elimu ya Waislamu wa Uganda, ambacho mlezi wake alikuwa Prince Badru Kakungulu, kilichelewa kuundwa. Mayanja aliingia King's College Budo, shule ya Waprotestanti, akatoka Mwislamu kama alivyoingia.

Kutoka Budo alikwenda Makerere, chuo kilichoanza mwaka 1922 kwa mafunzo ya ufundi, na mwaka 1949 kikapandishwa kuwa Chuo Kikuu kilichofungamana na kile cha London. Hapo moto wa siasa ulimshika. Mwaka 1952, angali mwanafunzi, akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Uganda National Congress chini ya Ignatius Musazi. Mwaka huo huo wanafunzi waligoma kwa ajili ya chakula, naye akiwa miongoni mwa viongozi wa mgomo akafukuzwa chuoni. Kwa vijana wengi safari ya elimu ingalikoma hapo. Lakini Gavana Sir Andrew Cohen, ambaye naye alisoma Cambridge, alimsaidia kupata nafasi katika King's College ya huko. Pengine aliona heri kijana mwenye ulimi mkali akae darasani Ulaya kuliko sokoni Kampala. Huko akasoma tarehe.

Yafaa kufahamu somo hilo ni nini, maana wengi hudhani ni kukariri majina ya wafalme na miaka ya vita. Mwanafunzi hupewa maandishi ya zamani, kama mikataba, barua na hesabu za kodi, kisha hutakiwa aseme ni nani aliyeandika, lini, kwa faida ya nani, na ni jambo gani lililofichwa. Aliyesoma elimu ya Hadithi hataiona kazi hiyo kuwa ngeni, kwani huko nako mpokezi huchunguzwa kabla ya kupokelewa habari yake. Mfano uko hapa hapa. Mtoto wa Kiteso wa Kwapa ana jamaa zake ng'ambo ya Malaba walio raia wa Kenya, na huenda akadhani mambo yalikuwa hivyo tangu azali. Mwenye kusoma tarehe atamwonyesha kwamba hadi mwaka 1902 nchi yote mpaka karibu na Naivasha ilihesabiwa kuwa ya Uganda, na kwamba ni Waingereza waliousogeza mpaka, wala Wateso hawakuulizwa.

Mtu aliyezoezwa kusoma mikataba kwa namna hiyo yu karibu na sheria, na Mayanja alipita njia hiyo. Alijiunga na Lincoln's Inn ya London akawa wakili, kisha akarudi nyumbani mwaka 1959. Wengine walitumia somo hilo kwa njia nyingine: Mwalimu Nyerere alisoma tarehe pamoja na uchumi huko Edinburgh, akarudi kufundisha.

Mayanja alifanywa Waziri wa Elimu katika Serikali ya Kabaka. Alikuwa pia miongoni mwa waliounganisha Kabaka Yekka na chama cha Milton Obote, muungano ulioiongoza Uganda katika uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962. Muungano huo ulivunjika, na mwezi wa Mei 1966 majeshi yakaishambulia Lubiri. Hapana budi kusema kwamba hapa aliiamini mno karatasi, ingawa elimu yake ilimfundisha kuitilia shaka.

Ushujaa wake ulionekana baadaye. Mwaka 1967 serikali ilipoleta katiba mpya, alisimama Bungeni akaonya juu ya kurundika madaraka yote mikononi mwa Rais. Mwaka 1968 barua yake katika jarida la Transition iligusa habari za uteuzi wa majaji Waafrika, naye akakamatwa pamoja na mhariri, Rajat Neogy, wakashitakiwa kwa uchochezi. Mahakama iliwaachilia mwaka 1969. Kabla hawajafika makwao walikamatwa tena chini ya sheria ya kuweka watu kizuizini, na Mayanja hakutoka mpaka mwaka 1970. Wakili alikuwa ameshinda kesi, na kufuli halikufunguka.

Chini ya Amin alikuwa waziri kwa muda mfupi, na wapo waliomlaumu kwa hilo. Lawama hiyo haiwezi kufutwa yote. Kuanzia mwaka 1986 alirudi katika Baraza la Mawaziri, akashika Habari, kisha Sheria akiwa Mwanasheria Mkuu, na akawa Naibu Waziri Mkuu wa tatu.

Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale, mwendo mfupi kutoka Tororo, na mtoto wa Kwapa hana tena haja ya kuvuka bahari. Huko yapo masomo ya tarehe, na wahitimu wake huenda katika ualimu, na wengine katika magazeti na ofisi za serikali.

Abu Mayanja alifariki dunia tarehe 4 Novemba 2005, akiwa na umri wa miaka 76. Mwenyezi Mungu amrehemu.