Garrincha, Kindege wa Botafogo

Wapenzi wengi wa kandanda, ukiwatajia Brazil, hukimbilia kumtaja Pelé. Siwalaumu. Lakini mimi nikisikia Botafogo, klabu ya Rio de Janeiro, humkumbuka marehemu Manuel Francisco dos Santos, aliyepewa jina la kindege mdogo: Garrincha.

Alizaliwa mwaka 1933 huko Pau Grande, kijiji cha kiwanda cha nguo, na kiwandani humo ndimo alimofanya kazi ujanani. Miguu yake yote miwili ilipinda upande mmoja. Ungemwona njiani usingedhani ni mchezaji! Botafogo ilimchukua mwaka 1953 ikampa wingi ya kulia. Kila beki alijua kwamba chenga itapigwa kuelekea kulia, ila kumzuia hakuweza. Klabu ikatwaa ubingwa wa Rio miaka ya 1957, 1961 na 1962. Huko Chile, mwaka huo wa 1962, Pelé aliumia mapema. Garrincha akatia mabao mawili dhidi ya Uingereza na mengine mawili dhidi ya wenyeji, Brazil ikanyakua Kombe la Dunia.

Kisha goti likaharibika. Alipasuliwa mwaka 1964, na mwaka 1966 akaihama Botafogo kwenda Corinthians. Pombe ilimtawala, na fedha hakujua kuziweka. Hata hivyo naona waliojaza viwanja kwa jina lake walimwacha upesi mno. Alifariki Januari 20, 1983, maskini, akiwa na umri wa miaka 49. Maiti yake ilipolazwa uwanjani Maracanã, watu walifurika tena.