Kanumba na hesabu ya siku kumi

Wenzetu wa kutoka Karagwe na Kyerwa hapa chuoni wamepania. Likizo ndefu watapiga filamu yao nyumbani, kati ya Kayanga, Nkwenda na Murongo, na wamejipangia siku kumi. Michango imeanza. Na mimi nimechanga, kwa hiyo nina haki ya kuuliza hizo siku kumi zimetoka wapi. Kila ninayemuuliza ananitajia jina moja: Kanumba. Eti yeye alikuwa anamaliza muvi kwa wiki moja au mbili, sisi tunashindwaje?

Basi tumzungumzie vizuri, maana alipofariki wengi wetu tulikuwa darasa la pili au la tatu, tukimjua kwa kuchungulia tu kwenye mabanda ya video.

Steven Charles Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Kuigiza alianza utotoni, shuleni huko huko, kisha akaja kusoma Dar es Salaam. Mwaka 2002 hivi akajiunga na Kaole Sanaa Group, kundi lililokuwa na michezo ya kuigiza ITV. Hapa ndipo wenzangu wanaporuka kurasa. Kaole ilikuwa shule. Mchezo unatoka kila wiki, wiki ijayo mwingine unasubiriwa, na ukiharibu mtaa mzima unakuona. Kanumba alikaa kwenye tanuri hilo miaka kadhaa kabla jina lake halijauza kasha la DVD.

Mwaka 2006 ikaja Dar to Lagos, akicheza na Wanaijeria, na baada ya hapo hakupumzika: Oprah, Red Valentine, The Lost Twins, Uncle JJ, This Is It, Moses. Alikuwa mwigizaji, mwandishi, mwongozaji na mwenye kampuni. Watu wakamwita The Great, naye akalichukua jina bila aibu.

Ni kweli kwamba Bongo Movie nyingi za wakati ule zilipigwa kwa siku chache hivyo. Lakini ile haraka haikuwa kipaji, yaani ilikuwa hesabu ya mfuko. Kamera inakodishwa kwa siku. Nyumba ya kifahari unayoiona kwenye picha ni ya mtu, na mwenyewe anataka sebule yake. Msambazaji anataka kasha jipya sokoni, na hadithi moja inakatwa mara mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na bei yake. Ukichelewa, mwenzako ameshatoka. Ndiyo maana kwenye baadhi ya kazi zile unasikia jenereta likinguruma ndani ya maneno ya mapenzi.

Na siku hizo ni za kupiga picha tu. Kuna mswada kabla, kutafuta wahusika, kuzunguka kutafuta maeneo. Baadaye kuna kuhariri, kusafisha sauti, muziki, kuandika tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, kupeleka kwa bodi ya ukaguzi, kutengeneza kava, kudurufu. Hayo hayaonekani, kwa hiyo hakuna anayeyachangia.

Mwaka 2009 Kanumba alialikwa kwenye jumba la Big Brother Africa, na Kiingereza chake kikachekwa nchi nzima. Sisi tunaosomea ualimu tunajua kicheko cha aina hiyo kinavyofunga watoto midomo darasani. Yeye hakufunga mdomo. Mwaka 2011 alitoa Devil Kingdom, akicheza na Ramsey Nouah wa Nigeria. Nadhani hapo alikuwa anatafuta njia ya kutoka kwenye mbio za wiki mbili, ingawa soko lilikuwa bado linamvuta shati.

Alfajiri ya tarehe 7 Aprili 2012 alifariki nyumbani kwake Sinza, akiwa na miaka 28. Maelfu walijaa Leaders Club kumuaga, akazikwa Kinondoni. Kesi iliyofuata ilichukua zaidi ya miaka mitano mpaka hukumu ya Novemba 2017, na magazeti yaliiandika kuliko yalivyowahi kuandika uongozaji wake. Mimi hilo linaniudhi. Filamu yake ya Love & Power ilizinduliwa yeye akiwa kaburini: picha alishapigwa, kazi iliyobaki wakaimalizia wengine.

Sasa sisi. Likizo inaangukia kiangazi, barabara ya Murongo itapitika na mwanga wa asubuhi kule vilimani ni wa bure. Hilo limekaa sawa. Kamera tumepata ya kuazima. Nikauliza kwenye kikao nani atahariri, kwa kompyuta ya nani, na sauti tutairekodi na nini upepo wa Nkwenda ukianza. Mwenyekiti akasema hayo ni ya baadaye. Mswada una kurasa nne.