Elton Mayo na wasichana watano wa Hawthorne

Elton Mayo alizaliwa mwaka wa 1880 kule Adelaide, inchi ya Australia. Alianza masomo ya uganga, yakamushinda. Akazunguka, akafika hata Afrika ya Magharibi, kisha akarudi kwao kusoma filozofi na saikolojia, ni kusema elimu ya akili na roho ya mutu. Mwaka wa 1922 akavuka bahari, akaenda Marekani.

Ku Philadelphia alikuta kiwanda cha nyuzi chenye watu walikuwa wanaacha kazi kila siku. Akaomba wapewe saa ya kupumzika. Watu wakabaki, na kazi ikaongezeka. Jina lake likatoka. Mwaka wa 1926 akaingia Harvard kufundisha.

Mu 1928 kampuni ya Western Electric ikamuita ku kiwanda chake cha Hawthorne, karibu na Chicago, kwenye walikuwa wanatengeneza vyombo vya telefone. Mbele yake, wakubwa wa pale walikuwa wamejaribu taa: kuongeza mwangaza, kuupunguza. Mara ingine kazi ilipanda hata pale mwangaza ulipungua! Kisha, mu 1927, waliweka wasichana watano mu chumba chao peke yao, na mutu wa kuwaangalia na kuandika yote. Wakawapa mapumziko, chakula kidogo, saa za kazi zikapunguzwa. Kazi ikapanda karibu 30 kwa 100.

Mayo akatangaza mu vitabu vyake kama siri ni roho: mutu anatumika vizuri akiona wanamujali na kumusikiliza. Wakubwa wa kazi wakafurahi sana. Maneno mazuri hayana bei.

Lakini angalia vizuri. Wale wasichana walibadilishiwa pia malipo: walilipwa kufuata kazi ya kikundi chao kidogo, hapana ya watu mia. Tena, wawili wenye walionekana wanaongea sana waliondolewa, wakaletwa wengine. Vitu vingi vimebadilika pamoja. Utajua namna gani ni kipi kilifanya kazi? Kikundi kingine kilibadilishiwa malipo tu, bila chumba cha peke. Kazi yao ikapanda kama 12 kwa 100. Malipo ya zamani yaliporudi, ikashuka.

Mayo alikufa Uingereza mwaka wa 1949. Nyuma yake, wenye elimu walichukua jina la kile kiwanda kuonya wenzao: mutu akijua wanamupima, anageuka, na kipimo kinadanganya.

Ndugu wa mugodi, si maneno ya vitabu tu. Siku wanakuja kupima kazi yenu, ulizeni: wamebadilisha vitu ngapi mara moja? Kikundi gani kimebaki kama zamani, ili wakilinganishe? Na mushahara, wameuhesabu ndani? Kama hawana jibu, ile hesabu haiwezi kusema posho si kitu.