Askofu Huddleston na Sheria ya Kuwafunga Watoto Akili

Wasomaji wetu wengi hawalijui tena jina la Trevor Huddleston, ingawa alikuwa askofu katika nchi yetu kwa miaka 8. Hakuwa wa Kanisa letu, alikuwa Mwanglikana. Lakini mtu aliyejitoa kwa ajili ya watoto wa Kiafrika hatumwulizi kwanza alibatizwa wapi. Twamkumbuka leo kwa kuwa tangu mwaka 2021 majimbo kadhaa ya Marekani yametunga sheria za kuwabana walimu wanaofundisha habari za rangi na historia, na yafaa tujue kwamba jaribu hilo si geni.

Huddleston alizaliwa Bedford, Uingereza, mwaka 1913. Alisoma Oxford, akapewa upadre, kisha akaingia Shirika la Ufufuko lenye makao yake Mirfield. Mwaka 1943 wakubwa wake walimtuma Sophiatown, mtaa wa Waafrika mjini Johannesburg. Huko siku moja alimvulia kofia mama mmoja Mwafrika, mtumishi wa kazi za mikono, jambo ambalo Mzungu wa nchi ile hakulifanya. Mtoto wa mama huyo, Desmond Tutu, hakuisahau heshima ile hata alipokuwa askofu mkuu. Huddleston aliisimamia pia shule ya Mtakatifu Petro, Rosettenville, ambako Oliver Tambo alisoma na baadaye akafundisha.

Mwaka 1953 Bunge la Makaburu lilipitisha Sheria ya Elimu ya Wabantu. Mpaka wakati ule shule nyingi za Waafrika zilikuwa mikononi mwa misheni. Sheria hiyo iliziweka chini ya Wizara ya Mambo ya Wenyeji, iliyoongozwa na Hendrik Verwoerd. Waziri huyo hakuificha nia yake: Mwafrika asifundishwe jambo lolote litakalomfanya atamani nafasi ambayo Serikali haikukusudia kumpa. Historia ikafundishwa kwa jicho la mtawala. Kuendesha shule isiyoandikishwa kukawa kosa mbele ya mahakama.

Misheni zikawa njia panda. Huddleston aliona kwamba ni afadhali shule ife kuliko iishi ikimfundisha mtoto kuwa yeye ni duni, na shule ya Mtakatifu Petro ikafungwa. Maaskofu Wakatoliki wa huko walishika njia nyingine. Walikubali kukosa ruzuku ya Serikali, wakawaomba waamini sadaka, wakaendelea kufundisha, ingawa mtaala wa Serikali uliwafuata hata humo. Nani alifanya vema? Hatuthubutu kuwahukumu watu waliobeba mzigo ule. Twasema hili tu: aliyefunga alijua kwamba watoto watakosa darasa, na aliyefungua alijua kwamba darasa lake limetiwa doa. Hapakuwa na njia isiyo na hasara, na hiyo ndiyo hatia kubwa ya sheria mbaya, kwamba huwanyima watu wema uchaguzi ulio mwema.

Wazazi nao hawakukaa kimya. Mwaka 1955 wengi waliwatoa watoto wao shuleni, na pakaanzishwa vilabu vya utamaduni. Humo mwalimu hakuweza kutumia kitabu wala ubao, maana angeshtakiwa kwa kuendesha shule. Akafundisha kwa nyimbo, hadithi na michezo. Sisi Waafrika hatuwezi kuidharau shule ya namna hiyo, kwa kuwa babu zetu hawakuwa na nyingine.

Mwisho wa mwaka ule Shirika lilimwita Huddleston arudi Uingereza. Mwaka 1960 akaja Masasi kuwa askofu. Hapa alikuta shule zikigawanywa bado kwa rangi, za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, mpaka ubaguzi huo ulipofutwa kwa sheria tangu Januari 1962. Mwaka 1968 aliondoka, na kiti chake kikashikwa na Mwafrika, Askofu Hilary Chisonga. Alifariki Aprili 1998, akiwa ameuona mwisho wa ubaguzi aliopigana nao, na majivu yake yakazikwa Sophiatown.

Hatusemi kwamba Serikali haina haki juu ya shule. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule zetu nyingi za misheni zilitwaliwa, na jambo hilo liliwauma wengi. Lakini nia yake ilikuwa kuwaketisha watoto wa dini na makabila yote katika dawati moja. Sheria ya Makaburu ilitaka kuwatenga. Basi tuipime kila sheria ya elimu kwa kipimo hiki: je, yamfungulia mtoto ukweli au yamfungia?

Sisi tulio hapa Mkuyuni hatuko mbali na Bukumbi, ambako wamisionari walifika mwaka 1883 pamoja na watoto waliokombolewa utumwani. Habari hiyo yawagusa wageni waliowanunua watu, na yawagusa pia watu wa Bara waliowauza ndugu zao. Yatuuma. Hata hivyo mwalimu na aifundishe yote, na mzazi asimzuie. Mtoto anayefichwa kidonda cha ukoo wake hatajua namna ya kukitibu.